Okapi Ndani ya Maharagwe

Simu ilikuwa yangu, kwa hiyo nilijiona mwalimu wa kisasa kuliko wote pale Vulamba. Ndani yake kulikuwa na mchezo: unaielekeza kamera mbele, na mnyama anatokea kwenye kioo kana kwamba amesimama palepale nje. Ukijibu swali lake la hesabu, anaondoka. Mwaka ule vita vilikuwa vimetunyang'anya safari zote za shule, basi darasa langu la nne nikalitoa hadi nyuma ya ukuta wa shule tu.

Okapi, yule mnyama wa msituni mwenye miguu ya milia, akatokea katikati ya maharagwe ya jirani. Watoto walipiga kelele hadi mwenye shamba akaja na jembe lake. Alikuwa mama aliyekimbia vita upande wa Beni, na kipande kile cha ardhi alipewa na shemeji yake kwa maneno matupu, bila karatasi yoyote. Nikamwonyesha kioo, nikingoja sifa.

"Mwalimu, toa ile nyama!" alifoka; kwao mnyama huitwa nyama.

"Mama, hapana nyama ya kweli. Ni mchezo ya batoto."

"Mchezo? Ile ni nyama ya serikali! Kwetu balianzaka vile vile: nyama inasimama mu shamba, kesho banasema ni parc, hifadhi ya serikali, mutoke. Kisha vita ikakula yenye ilibakia. Hii, hapana!"

Nilicheka, na hadi leo naona aibu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yule mama aliumwa mara mbili.

Bahati nzuri, swali la okapi lilikuwa mahali aliposimama pana hatua ngapi kupazunguka, yaani shamba lenyewe. Watoto wakaanza kupima, wakagombana, maana miguu ya darasa la nne hailingani. Mama akaweka jembe chini, akaingia ugomvini. Akamchagua msichana mwenye hatua fupi kuliko wote, ili shamba litoke kubwa. Nikaandika jibu, mchezo ukalipokea kama tulivyolipima, okapi akatoweka, watoto wakashangilia.

Mama hakushangilia.

"Sasa andika ku karatasi. Batoto bote batie majina. Banaona na macho yabo."

Nikachana ukurasa wa daftari, nikaandika neno kwa neno kama alivyoniamuru: "Shamba ya mama. Hatua mia moja na makumi ine. Hapana nyama." Watoto wakaandika majina yao chini, mmoja mmoja, kwa mwandiko wao wa kupinda.

Mama akaikunja karatasi ile mara nne, akaificha kifuani. Ilikuwa karatasi ya kwanza ya ardhi aliyopata maishani mwake.