Tundu la Koki ya Baba Mkwe

Mimi nikianza kuongea sinyamazi, wajukuu wananiita redio. Sawa. Lakini redio hii ilinyamazia jambo moja toka nilipoolewa mpaka nimekuwa bibi, na leo ndilo ninalolisema.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Kukereza ni hivi: chuma kinafungwa kwenye mashine, kinazunguka mbio, kisu kimetulia pale pale kinakimenya kama unavyomenya kiazi. Alifanya kazi hiyo kiwanda cha chai miaka na miaka. Alipostaafu akanunua mashine chakavu, akaiweka kwenye chumba kimoja Bagamoyo. Siyo ya pwani, ni hii yetu ya Tukuyu, tunakwenda kwa miguu kutoka nyumbani Makandana.

Mwaka juzi daktari alimwambia moyo umetanuka. Miguu inavimba, akipanda mwinuko anasimama mara tatu. Tulipotoka hospitali hakusema habari ya dawa. Alisema, "Mama, nataka niisikie injini ya tata kabla sijaondoka."

Tata ni baba, kwa Kinyakyusa. Baba mkwe wangu alikuwa anaendesha injini ya boti dogo la mvuke Ziwa Nyasa, la kubeba mpunga. Boti lilipooza mbao, wenyewe wakamwachia injini na boila yake ya kuchemshia maji, akaja nazo kijijini kwake Masoko, kwenye migomba. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa koki ya mvuke. Hiyo ndiyo inafungulia mvuke uingie kwenye injini. Bila koki, injini ni chuma cha kuanikia nguo. Ilipotea mwaka ule ule nilioolewa. Baba mkwe akasema kaiba rafiki yake waliyefanya naye kazi botini, maana siku ile alikuja kumtembelea.

Basi mume wangu akaanza kutengeneza nyingine. Shaba alikata kwenye pampu kuukuu. Boila alishaijaza maji akaipima, haivuji. Macho yake yalikuwa na ukungu, kwa hiyo mimi nikawa macho yake. Koki ina vitu viwili: nyumba yake, na kizibo kinachozunguka ndani, kinene juu chembamba chini, kama karoti. Visiposhikana sawasawa, mvuke unatoroka. Tunakipaka kizibo masizi ya sufuria, tunakizungusha ndani, tunakitoa. Masizi yalipofutika ndipo panapogusa.

"Panagusa wapi?"

"Juu tu. Chini bado peusi."

"Mwongo wewe."

"Haya, vaa macho yako uone!"

Anacheka mpaka anakohoa. Tulicheka sana siku zile, jamani. Shule niliachia darasa la pili, lakini masizi nayajua kuliko injinia.

Ikafika siku ya kutoboa kizibo, pale mvuke unapopita. Akafunga drili, akasema, "Tundu la duara, tumemaliza."

Nikasema, "Siyo duara. Lile lilikuwa refu jembamba, kama punje ya kahawa. Kidole changu cha mwisho hakikuingia."

Mwe! Mdomo huu!

Akazima mashine. Akanigeukia pole pole. "Gwe wewe, koki ya tata umeijulia wapi?"

Kwetu Rungwe mke alikuwa haonani na baba mkwe. Wakamwana wa siku hizi wanakula naye meza moja, wanamtumia na picha kwenye simu. Sisi tulikuwa ukisikia anakohoa njiani, unaacha njia, unaingia kwenye majani, unajifunika. Jina lake hulitaji. Kitu chake hugusi. Sasa mkamwana anayejua tundu la koki ya baba mkwe, amelijuaje?

Nikamwambia. Baba mkwe aliiloweka kwenye beseni la maji ya majivu ili ing'ae, beseni likawa mlangoni karibu na vyombo vyangu. Nikabeba vyote kwenda kuosha mtoni. Kule ndiko nikaiona, nikajua siyo chombo cha jikoni. Badala ya kuirudisha mbio, nikaisugua kwa mchanga, nikaichungulia, nikajaribu kuingiza kidole. Msichana wa miaka kumi na saba, nini kingine? Wakati wa kupanda nikasikia kikohozi chake juu ya njia. Nikakimbilia majanini na beseni kichwani, nikateleza. Vikombe vilibaki. Koki iliruka ikaingia kwenye maji yenye kina. Beseni nikalirudisha mlangoni tupu, kabla yeye hajafika nyumbani.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ningerudishwa kwetu siku hiyo hiyo."

Akakaa kwenye kigoda. Akasema, "Yule rafiki wa tata alikuja na Biblia mkononi akaapa kwamba hakuiba. Tata akamfungia mlango. Na yule mzee alipokufa, msibani hatukwenda."

Hatukwenda, kweli. Huku kwetu hata adui unamzika.

Mume wangu aliinuka. Alinipa chaki, nikachora tundu sakafuni. Akatoboa vitundu vitatu vidogo kwa mstari, akaviunganisha kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, mpaka ikawa punje ya kahawa. Siku nne. Maneno yake yalikuwa "shika", "geuza", "panagusa?" basi. Sikuthubutu kumtania.

Ilipokamilika aliifunga kwenye kitambaa akasema, "Vaa viatu." Tukaenda Masoko kwa mjane wa yule rafiki. Bibi kanizidi miaka mingi, amekauka kama kuni, masikio mazima. Mume wangu akapiga magoti, akaeleza yote. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu vya miguu.

Yule mama akaichukua koki, akaipapasa, akanitazama.

"Mume wangu alikuona," akasema. "Alipita mtoni akirudi nyumbani, akakukuta unaisugua. Nilimwambia, kamseme! Akaniambia, yule mtoto wakimrudisha kwao kwa aibu ile, nani atamwoa tena? Niache mimi niwe mwizi, nimeshazeeka."

Nikalia pale kama mtoto. Yule mama akasema, "Unalia nini sasa? Wa kulia nilikuwa mimi, siku tulipomzika tukiwa watu kumi na wawili."

Kesho yake yule mama akaletwa kwa bodaboda mpaka kwenye injini. Mume wangu alishawasha moto toka asubuhi. Boila ikaanza kuimba. Akamwambia, "Mama, fungua wewe."

Akaigeuza koki kidogo tu. Mvuke ukaingia kiasi, kwa sababu ya lile tundu jembamba, na gurudumu likaamka taratibu, tu, tu, tu, tu. Majirani wakapiga vigelegele. Hata tone halikuvuja! Mimi nilikuwa namwangalia mume wangu, nangoja ile furaha yake. Alisimama ameinamisha kichwa, anasikiliza. Gurudumu halijazunguka hata muda wa kuivisha chai, akanyoosha mkono akafunga.

"Inatosha," akasema.

Hakuiwasha tena. Aliishi miezi mitano baada ya hapo, na hakunigombeza hata siku moja. Afadhali angenigombeza. Nilikuwa nampelekea uji asubuhi, nakaa ukingoni mwa kitanda, namwambia, "Baba, sema basi. Nitukane."

Anapokea kikombe, anaonja. "Sukari imekolea," anasema, na anageukia ukutani.