Tundu Walilolikalia Kimya

Picha za kifua cha mama yangu zilipotea asubuhi moja, pamoja na picha za kila mgonjwa wa hospitali yetu ya misheni huku milimani. Mimi ndiye ninayetunza kompyuta za hospitali. Niliziwasha zikaniletea maandishi mekundu: mafaili yamefungwa, lipeni yafunguliwe. Hatukulipa, na hatukuyapata tena.

Kwa wengine ulikuwa usumbufu. Kwa mama yalikuwa maisha. Alikuwa na kivimbe kidogo kwenye pafu, na daktari alikuwa akikipiga picha mara kwa mara aone kama kinakua. Kikikua, apelekwe hospitali kubwa ya Moshi upesi kikatolewe. Safari hii hapakuwa na picha ya zamani ya kulinganisha na mpya.

"Tuanze upya, mama," daktari alisema. "Tusubiri tuone."

Hakutaka kumpasua mwanamke mzee kama yeye kwa kubahatisha, na simlaumu. Tukasubiri. Kivimbe hakikusubiri.

Baadaye tuliitwa kwenye semina Lushoto mjini, sisi watunza kompyuta. Mtaalamu aliyetoka Dar es Salaam, suti imenyooka utadhani haijawahi kukaliwa, alitueleza bila hata kukohoa kwamba tundu kwenye programu, lile walilopitia waliofunga mafaili yetu, lilijulikana zamani. Mashushushu wa taifa moja kubwa waliligundua wakalikalia kimya, kwa sababu walilitumia kuchungulia kompyuta za watu. Waliotengeneza programu hawakuambiwa. Kisha siri ya mashushushu ikaibiwa, wezi wakapita palepale, wakatufikia hata sisi tulio huku kwenye ukungu.

"Lakini wana kamati," alisema, kama mtu anayegawa pipi. Wakubwa wa serikali yao hukaa wakapima: tundu hili tuliseme lizibwe, au tubaki nalo?

Nilinyoosha mkono. "Shikamoo mzee. Kwenye kamati hiyo, nani anawasemea wagonjwa?"

"Marahaba. Hayo huamuliwa kwa siri. Mambo ya usalama."

"Na nani anaikagua kamati yenyewe?"

"Bunge lao hupewa taarifa."

"Taarifa ya yale wanayotaka kuyasema?"

Watu wakacheka. Mtaalamu akatazama saa, akasema chai iko tayari. Maandazi yalikuwa matamu, nami niliyala kwa hasira.

Nyumbani, karibu na Gare, nilimsimulia mama kwa Kishambaa, maana hasira yangu haijui Kiswahili vizuri. Alikuwa anapukuchua maharage huku akikohoa.

"Waliliona wakapita?" aliuliza.

"Waliliona, mama."

Kwetu maji ya mashamba hushuka kwa mfereji wa udongo. Ukipita ukaona ukingo umetoboka, unaziba, au unapiga kelele walio chini wasikie. Ukinyamaza na shamba la mtu likasombwa, ikijulikana kwamba ulipita, unakwenda kwake na jembe lako, majirani wakiwa wamesimama wanakutazama, na unamlimia upya. Sijaona aliyekataa. Ataishi wapi?

Basi mama akafanya kosa ambalo mtu wa kwetu tu angelifanya. Aliamini watakuja. Hao wakubwa wa kamati! Baada ya ibada aliwaambia wanawake wenzake kwamba waliomharibia wamejulikana, kwa hiyo lililobaki ni safari tu. Alinituma Mombo kununua vikombe, kwa kuwa vyetu vilikuwa na mapengo na wageni wanatoka mbali. Nilivinunua. Niliona uchungu hata kuvifunga kwenye gazeti.

Alipofika mahali pa kushindwa kulala chali, nilimwambia ukweli. Hawaji. Hakuna sheria inayowataka waje. Hawajui kama yupo, wala kama kuna Lushoto, na mahesabu yao waliyafanya bila yeye kuwemo.

Alitafuta pumzi. Nilidhani atalia. Alinitazama kwa mshangao tu, kama vile nimemwambia habari za watu wanaokula udongo.

"Kwani hawana majirani?" aliuliza.

Tulimzika kabla ya mvua za vuli. Tundu lilishazibwa, na kompyuta ya picha inafanya kazi vizuri sana.