Miguu ya Marehemu

Mtaa wa Saint-Jacques hapa Paris, mfalme akifa hatutupi shaba iliyochongwa picha yake. Kichwa chake hufutwa kwenye bamba la kuchapia, cha mrithi kikachongwa palepale. Joho, upanga na fimbo ya enzi vinabaki vilevile. Watu wananunua, maisha yanaendelea.

Safari hii, weee! Mrithi alikuwa mtoto wa kubebwa.

Perrine Gaudet, mjane wa mchongaji, aliposikia kengele za msiba alilitoa bamba la shaba. Miaka yote ya ndoa yeye ndiye aliyechonga manyoya ya joho na vito vya taji. Mumewe alichonga uso, na jina pale chini lilikuwa la mume. Sasa Anselme, ndugu wa mumewe na mchongaji pia, alikuwa mlangoni akiukodolea macho mtambo wa kuchapia.

"Shemeji, manyoya unayaweza, sikatai. Lakini uso wa mfalme si kazi yako. Siku mfalme mtoto anaingia mjini, picha yako isipouzika, mtambo wa ndugu yangu nauchukua."

"Utaubeba kwa mgongo gani, huo?" Perrine akacheka.

Akakisugua kichwa cha mfalme marehemu mpaka kikatoweka. Akajaribu cha mtoto juu ya mabega yale mapana. Mungu wangu! Limau juu ya gunia! Basi akaufuta na mwili. Akamketisha mtoto ndani ya joho, likamzidi mpaka likaburuzika sakafuni. Fimbo ya enzi ikampita kimo, akaishika kwa mikono miwili. Taji akaliweka kando, juu ya mto, limngoje akue. Kisha akauchonga uso mwenyewe, kwa raha hata akasahau kula.

Siku ilipofika, Anselme naye alitundika picha yake: sura changa juu ya mwili uleule wa zamani.

"Jamani, njooni! Mfalme kaazima miguu ya baba yake!" muuza samaki akapiga kelele, na mtaa mzima ukaangua kicheko.

Kwa Perrine hawakucheka. "Maskini, taji bado halimkai," akina mama walisema, wakanunua mpaka wino ukaisha.

Jioni Anselme akaja, sauti chini. "Shemeji, nichongee na mimi mtoto kama yule."

"Nitakuchongea, shemeji. Ila soma kwanza pale chini."

Akainama akasoma. Lilikuwa jina moja tu: Perrine Gaudet.