Rangi ya Buluu Kichwani mwa Mume Wangu

Mume wangu alianza kwa kupoteza maneno madogo. Alikuwa fundi cherehani pale Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na asubuhi moja aliniambia, "Nipe ile... ile ya kukatia," huku akiutazama mkasi mezani. Nilicheka. Siku iliyofuata alianguka chini ya cherehani, akatetemeka mwili mzima.

Tulimpeleka hospitali ya Mbarara, akapigwa picha ya kichwa. Daktari, Mganda aliyejifunza Kiswahili utotoni kwenye kambi ya jeshi, alitugeuzia kompyuta. Picha ilikuwa ya kijivu. Akabonyeza mara moja, ubongo wote ukajaa rangi.

"Kompyuta ndiyo inagawa hivi," alisema. "Ilifundishwa na picha ya vichwa ya watu mingi. Hapa ya mkono, hapa ya macho. Hii buluu ni ya kuongea. Nyekundu ni uvimbe."

Nyekundu ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya buluu.

"Inajua kama anaongea Kirundi?" niliuliza.

Hakunicheka. "Hapana, mama. Inachora pahali tu. Na hapa pembeni inaweza kukosea kidogo."

Akatueleza kwamba mume wangu akikatwa uvimbe ataishi zaidi, lakini huenda asiongee tena. Mume wangu aliigusa ile buluu kwa kidole.

"Batoto nitawaita namna gani?"

"Pengine kwa mkono, mzee."

"Basi, muuache tu uvimbe."

Nje, barazani, nilimshika mume wangu shati. Nikamwambia bubu aliye hai ananitosha.

"Anakutosha wewe," alisema. "Na mimi je?"

Tukarudi Nakivale. Msimu ule wa mvua alizungumza kuliko miaka yote niliyomjua. Aliwasimulia watoto kilima cha kwao Burundi, majina ya ng'ombe wa babu yao, nani alimwoa nani. Nilikuwa nikipika na kusikiliza, hasira bado haijaniisha.

Kisha maneno yakaanza kumwacha. Jina la kitinda mimba lilitangulia, halafu langu. Mwishoni sote alituita "maji". Akiita, yeyote aliyekuwa karibu aliitika.

Alifariki wakati wa mavuno ya maharage. Baada ya mazishi nilimpigia daktari simu. Akasema, "Pole sana, mama." Nilimshukuru. Wingu lilikuwa limetanda upande wa Ziwa Nakivale, nikatoka kuanua maharage kabla hayajalowa.