Anwani ya Dada

Papa tulimlilia bila mwili. Mama alimsubiri sana hapa kambini Kakuma, mwishowe akasema roho imechoka. Wanakwaya wakaja, mikeka ikatandikwa, kilio kikafungwa. Kwetu Wakongo kilio kikishafungwa hakifunguliwi. Ukianza kumtafuta marehemu, ni kama unamwambia mjane wake kwamba alilia bure.

Lakini mimi nilikuwa namtafuta. Kuna tovuti ya watu waliopotezana na ndugu zao vitani. Niliandika jina la Papa, kijiji chetu, na kovu lake la kidevuni, kisha nikawa nachungulia kila nikipata waifai. Mama asingejua mpaka nipate jibu, na kama jibu lingekuwa baya, asingejua kabisa. Alishalia mara moja.

Shida ilikuwa waifai yenyewe. Tunainunua kwa mwenye duka, Mturkana mcheshi ambaye rauta yake inakaa juu ya friji ya soda. Huona majina ya tovuti ambazo simu zetu zinaulizia, na hafichi.

"Ejok, mwalimu," alimsalimu jirani yetu kwa Kiturkana mbele ya foleni nzima, "ile dawa ya kuotesha nywele umeipata, ama nikuombee?"

Watu walicheka mpaka mwalimu akaondoka bila sukari yake. Na Mama hununua unga pale pale.

Dada, mtoto wa mama mkubwa, anasomea kompyuta Lodwar. Alipokuja likizo nilimwambia sitaki mwenye duka ajue ninachosoma. Sikusema ni nini.

"Ni kijana, eh?"

Niliangalia chini. Akachukulia kwamba ndiyo.

Alichukua simu yangu, akaingia kwenye mipangilio ya brauza, sehemu ya faragha na usalama, akawasha kitu kinaitwa DNS salama.

"Simu haijui njia," alisema. "Ukitaka tovuti, lazima kwanza iulize iko wapi. Saa hizi inauliza kwa sauti, mwenye duka anasikia. Tukiwasha hii, inauliza kwa bahasha iliyofungwa."

"Na nani anaifungua?"

"Wewe nawe. Kompyuta tu, mbali huko."

Palikuwa na majina ya kampuni za kuchagua. Hakuchagua hata moja. Aligusa palipoandikwa "maalum", akabandika anwani ndefu kutoka kwenye simu yake. "Hii ndiyo poa zaidi." Nilimpikia sombe siku hiyo, majani ya muhogo kama ya kwetu.

Alipokwisha kurudi Lodwar, mwenye duka alinitania, "Binti, simu yako siku hizi imekuwa bubu." Nilirudi nyumbani nikitabasamu peke yangu.

Jumapili moja baada ya ibada Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Papa yako tulishamlilia. Kwa nini unamfukua?"

Akaitaja ile tovuti kipande kwa kipande, kama neno alilofundishwa kwenye simu.

Nilienda nyuma ya nyumba, nikafungua mipangilio, nikaisoma anwani yote, kitu ambacho sikuwahi kufanya. Mwisho wake lilikuwepo jina la utani la dada, lile la utotoni. Ilikuwa anwani ya akaunti yake mwenyewe kwenye ile kompyuta ya mbali. Kila tovuti niliyoulizia, swali lilifika kwake, likabaki pale alisome.

Nilimpigia.

"Nilidhani ni mvulana," alisema. "Nilitaka kukuangalia tu, mdogo wangu. Nilipoona ile tovuti, ningemnyamazia vipi mama mdogo?"

"Ungeniuliza mimi."

"Ungeniambia?"

Nilikata simu. Labda ningemwambia. Sasa hata mimi siwezi kujua.

Niliifuta anwani yake, nikachagua kampuni ambayo simjui mtu hata mmoja ndani yake. Nilikosea kugusa, nikarudia.

Niliporudi, maharage yalikuwa bado kwenye ungo, mawe na maharage pamoja. Mama aliyasukuma huku na huku.

"Walijibu?" aliuliza polepole.

"Bado, Mama."

Tangu siku hiyo, nikitoka dukani namkuta mlangoni. Hanisalimii. Ananiangalia usoni kwanza, halafu anarudi ndani. Dada hunitumia ujumbe kila wiki kuomba msamaha, na mimi kila wiki nauacha bila kuujibu, kwa sababu yeye yuko Lodwar, na uso huo wa Mama nauona mimi.