Jirani Apanda Paani

Jirani wa ghorofa ya nne, mama mzee, huongea na magoti yake. Wardia, wa ghorofa ya pili, humsikia kila asubuhi akishuka upande upande, kiganja kikiparuza ukuta: "Polepole, wavivu wawili nyie!" Kipupwe kilichopita aliteleza akavunjika nyonga, na daktari akasema mifupa yake imekuwa myepesi mno kuvunjika. Mwanawe akaja kutoka mji wa Blida amchukue akaishi kwake, nyumba isiyo na ngazi. "Nikipanda mwenyewe hadi paani kuanika nguo, utaniacha hapa?" mama akamuuliza. Mwana akakubali, akidhani ni mzaha. Miezi mitatu mama alijizoeza, vidato viwili zaidi kila siku, akitafuna dagaa pamoja na miiba ili mifupa ipate nguvu.

Jumanne moja akapanda, kuanzia chini kabisa. Wardia alimfuata na beseni la nguo, na kila ghorofa wanawake walimtolea kiti, naye akakikataa. "Nikikaa tu, haya magoti yatapitiwa na usingizi!" Juu ya paa, bandari ya Aljeri ikimetameta chini, alisimama akihema, kisha akatupa shuka kwenye kamba. Vigelegele vikalipuka mpaka mapaa ya nyumba za karibu. Mwanawe, aliyetangulia kushuhudia, alikuwa akifuta machozi. "Usisimame kama mgeni," mama akamwambia. "Shika ncha ile, tuanike."