Jogoo wa Ukoo wa Chongo

Akko Wato aliniita nikitoka swala ya Ijumaa. Bibi huyu ni mama mkwe wa jirani yangu Habsa, na kwa kuwa nyumba yao haina mwanamume, kuku wa mgeni huchinjwa na mimi. Nilipoingia uani nilikuta jogoo amefungwa miguu, amelazwa kando ya beseni. Mwekundu, mzito, shingo tupu isiyo na manyoya. Nilimjua. Isiolo nzima sijaona mwingine kama yeye.

"Akko, huyu si yule wa Habsa?"

"Ni wa nyumba," alisema. "Jattani ametoka Sericho, siku mbili njiani. Nimpe mtoto wangu kifaranga?"

Jattani, shemeji ya Habsa, mchungaji wa ngamia, alikuwa mkekani akinywa chai. Hakugeuka. Mgeni haulizi atapikiwa nini. Habsa mwenyewe alikuwa sokoni na mayai yake. Nikasema kisu changu ni butu, nikaanza kukinoa polepole kadiri nilivyoweza.

Habsa alihamia mjini baada ya ukame kumaliza ng'ombe wao na mumewe kufariki. Wakati huo mitaani kwetu viligawiwa vifaranga vilivyosafirishwa kutoka mbali, na joto likaviua kabla ya kutaga. Mimi, niliyesomea ufugaji chuoni, nilienda kwake na daftari ili nimfundishe. Nilirudi na daftari limejaa maneno yake.

Aliona jambo ambalo sisi wasomi hatukuliona. Mfugaji wa huku hawezi kuchinja dume la boma. Afadhali alale njaa. Lakini kuku hatukumhesabu kuwa mfugo. Mgeni akija, anakamatwa jogoo mkubwa kuliko wote, na kazi ya kuzalisha inaachiwa vile vijogoo vyembamba vilivyokimbia. Miaka nenda miaka rudi tulikula mbegu bora, kisha tukalalamika kwamba kuku wa kienyeji ni wadogo.

Habsa alianza na tetea mmoja, Chongo, aliyenusurika ugonjwa wa kideri akabaki na jicho moja. Kila binti wa Chongo alifungwa uzi mwekundu mguuni. Aliyeacha mayai yake kabla hayajaanguliwa alipelekwa sokoni, hata awe mrembo namna gani. Jogoo hakuruhusiwa kupanda binti zake. Habsa alitembea hadi Leparua kubadilishana majogoo. Kazi ya miaka sita, bila ofisi wala mshahara, ikiwa mikononi mwa mwanamke ambaye hajawahi kukaa darasani. Na sasa kazi hiyo ilikuwa imelala kando ya beseni, nami nanoa kisu.

Habsa aliingia na kapu tupu. Alimwona jogoo, akaniona mimi. Hakuweza kumpinga mama mkwe mbele ya mgeni. Alimsalimu Jattani, wakaulizana hali ya mvua, ya ngamia, ya watoto. Kisha akaketi.

"Shemeji, huyu unayepikiwa mama yake ni Tulia," alisema taratibu. "Tulia alilalia mayai kumi na manne wakati wa kiangazi, akatoa vifaranga kumi na watatu. Mama wa Tulia ni Madoa. Mwewe alimchana mgongo, hakuacha watoto. Mama wa Madoa ni Chongo."

Jattani aliweka kikombe chini. "Na baba?"

"Wa Leparua. Hana damu na hawa."

"Binti zake wanalea?"

"Watatu wanalea. Wa nne ndiyo kwanza ameanza kutaga."

"Ana ndugu wa kushika nafasi yake?"

"Hana aliyekomaa bado."

Jattani alimtazama jogoo kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa fahali mnadani. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, mlitaka kunilisha dume la boma?"

"Dume gani," Akko Wato alinung'unika. "Kuku ni kuku tu. Wewe mwenyewe ulicheka Habsa alipoanza."

"Nilicheka. Sikujua wana ukoo." Aliinuka, akafungua kamba kwa mkono wake. Jogoo alijikung'uta, akaenda zake bila haraka.

Nilichinja vijogoo wawili wasio wa ukoo wa Chongo, na pilau ilitosha. Jattani alikula akiuliza habari za Madoa, na alipomaliza aliomba kijogoo mmoja wa Tulia wa kupeleka Sericho, akishakomaa.

"Watakucheka huko," Habsa alisema.

"Nitawatajia mama zake."

Nilipokuwa naosha kisu, Akko Wato alikuwa amemshikilia tena yule jogoo mwekundu mapajani. Nilishtuka.

"Habsa, lete uzi," alisema. "Mrefu. Macho yangu ni mabaya, na wageni hawaishi."